Kidole cha Mama Tiri

Kwa kaka yangu Palas, au Mheshimiwa Widyashiwa kama unavyotaka kuitwa siku hizi,

Siku ya Pon, mojawapo ya siku zetu tano za soko, jua likiwa halijafika utosini, nilipoteza kazi ya miezi kumi na minne, na aliyenipotezea ni wewe. Nimelitanguliza hilo usije ukachoka kabla ya kulifikia. Sasa nakusalimu kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Hujambo? Koo limepona kwa zile sala ndefu? Sisi huku wazima. Shemeji yako amejifungua mtoto wa kike, mpunga umeanza kuinama, na Mama anatembea vizuri kuliko mwaka jana, kama ulivyojionea, ingawa ulijitia hukumwona.

Ulikuja juu ya machela yenye wabebaji wanane. Niliwahesabu. Tulikuwa tumeambiwa mfalme anatuletea kuhani aliyezaliwa Bara Hindi, kando ya mto Ganga, ndiye atakayeikagua sanamu ya Durga, mungu wa kike mwenye mikono mingi, kabla haijaingia hekaluni. Akateremka Palas, mwana wa mtwanga mpunga wa Kuwang, na sikio lake lilelile lililochanwa na jogoo. Huku, mbali na kwetu, tuliokutambua ni mimi na Mama tu. Nikacheka kimoyomoyo, nikasema kaka yangu kapanda, acha apande. Kisha ukafungua kinywa ikatoka Kisanskriti, na jamaa mmoja mwenye kitambi akawa anatufasiria. Wewe, uliyewatukana mbuzi kwa lugha hii hii tangu hujaota meno ya mbele, leo unahitaji mkalimani.

Mama alikufungia wali na samaki wa chumvi kwenye jani la mgomba. Ukamwambia mkalimani kwamba watu wa kwenu hawali kitu kilichowahi kuwa na macho. Samaki akaliwa na mkalimani. Mama bado anakutetea. Anasema jua lilikuwa linakupiga usoni.

Hayo ningeyameza. Lililonikwama ni kipimo. Durga husimama vidole mia na nane, na kidole ni cha mwenye nadhiri, pingili ya kati ya kidole cha kati. Kanuni hiyo tulifundishwa mimi na wewe siku moja, na mzee Nakkan, ambaye alizaliwa Bara Hindi kweli na hakuona haja ya kutukumbusha kila asubuhi. Alikuwa akisema yeye kaleta mbegu tu, shamba lina wenyewe. Mwenye nadhiri hapa ni Mama Tiri, mjane wa mkuu wa kijiji, anayemjengea marehemu mumewe hekalu hili. Ana vidole vyembamba kama vya ndege. Nilikipima chake kwa kijiti cha ukuti, nikakitunza kijiti hicho miezi yote kumi na minne. Wewe ukapima kwa kidole chako, kilichonona kwa samli ya ikulu, ukapata tisini na mbili. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza hakosei hivyo. Hukosea hivyo mtu aliyesahau kwamba hekalu si lake.

Mama Tiri aliinua mkono akuonyeshe. Ukageuza uso. Ndipo ukasema, na mkalimani akatangaza kama mnadi wa sokoni: “Huyu si mungu. Huyu ni mpishi aliyeongezewa mikono.”

Watu wakacheka, kwa kuwa mkubwa akitania hucheka walio chini. Ukaamuru Durga aangushwe kifudifudi mtaroni, nje ya ukuta, na jiwe jingine litafutwe. Mama Tiri ana miaka sabini na mbili. Nikianza upya leo, sijui kama atakuwepo nikimaliza. Toka siku ile hukaa kando ya mtaro akimfukuzia Durga mbwa.

Sasa neno ambalo sijamwambia mtu. Mgongoni mwa Durga, upande ambao ungeegemea ukuta usionwe na jicho la mtu, nilichonga mistari miwili: Amechonga Gawul, kwa mkono aliofundishwa na kaka yake Palas, wote wana wa Dhawa, mtwanga mpunga wa Kuwang. Niliyachonga hayo kabla sijajua ni kuhani gani anayekuja. Wewe ndiwe uliyenishika mkono siku ya kwanza nilipogusa tindo, nami nilitaka mungu alijue hilo, hata kama watu hawatalijua.

Ukaamuru alazwe kifudifudi. Mgongo sasa unatazama mbingu. Ulikuwa umefunikwa na matope, lakini mvua imenyesha siku mbili, na asubuhi hii nimeliona jina la Mama, Dhawa, limejitokeza lote. Lako ndilo linalofuata. Hapa tunaojua kusoma ni mimi na karani wa kodi wa ikulu, anayepita kila siku ya tano, soko la Kliwon, na kusoma hata alama za magunia. Zimebaki siku tatu.

Sikutishi. Ila jina la mama yangu sitalipaka matope kwa mkono wangu. Njoo kwa miguu, upime mbele ya watu kwa kidole cha Mama Tiri, na hesabu uitaje mwenyewe, kwa lugha yetu. Ikitimia mia na nane, Durga atasimama na mgongo utarudi ukutani.

Mama anakusalimu, anauliza kama unalala vizuri. Ameanika samaki wengine. Nami nakuombea afya, kaka, na mpe huyu mchukuzi wa chumvi neno moja tu, linifikie kabla soko la Kliwon halijafunguliwa: unakuja, au huji?

Mdogo wako,
Gawul, mchonga mawe