Kompyuta Iliyoombewa

Tassia, Nairobi
Alhamisi, 12 Machi 2026

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Mama. Natumaini goti lako limepata nafuu tangu uanze ile dawa ya kupaka, na kwamba Mama ameacha kubeba maji mwenyewe kama alivyoahidi Krismasi. Mimi ni mzima wa mwili. Nampa Muthoki barua hii kwa kuwa anakuja nyumbani kesho, na kwa kuwa kwenye simu husikii vizuri, naye Mama huichukua kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Nakuomba uisome wewe kwanza, ukiwa umekaa.

Uliniuliza kama kazi ya ukarani pale kanisani Buruburu inanifaa. Inanifaa, Baba, na naogopa kuipoteza, hasa kwa kuwa Mzee Wathome alinichukua kwa sababu yako. Alisema mlifanya kazi pamoja masijala ya Machakos, na binti wa Muindi hahitaji kuhojiwa.

Ofisi ina kompyuta moja, laptop ya miaka kumi na miwili ambayo bawaba yake imeshikiliwa kwa plasta ya kidonda. Mwishoni mwa mwaka jana ilianza kuonyesha tangazo kwamba Windows iliyomo, yaani mfumo unaoiendesha, haitalindwa tena. Windows mpya nayo haikubali kukaa ndani ya mashine ya umri huo. Nilimwambia Mzee Wathome kuna mifumo mingine ya bure inayofaa mashine kuukuu, tuchague mmoja. Nilidhani atasema chagua. Akaunda kamati.

Mwenyekiti ni yeye. Mwalimu Nalianya, anayefundisha fizikia, aliingia kwa kuwa anajua kompyuta. Mama Kanyiva wa chama cha akina mama aliingia kwa kuwa hakuna kamati inayokwenda bila yeye. Mimi huandika kumbukumbu. Katika kikao cha kwanza hawakujadili lolote. Mama Kanyiva alisema mashine hii imeandika majina ya watoto wetu wote, haiwezi kustaafishwa bila maombi. Basi wakaiwekea mikono wote watatu, naye Mzee Wathome akaiombea nusu saa nzima, akiiita mtumishi mwaminifu. Mimi nilifumba macho nikiomba tu wasivunje ile bawaba.

Kikao cha pili Mwalimu alikuja na kurasa kumi na nne alizochapisha, akilinganisha aina tisa za Linux. Alieleza kiini cha mfumo kwa dakika arobaini, kisha akaniuliza kama nimeandika. Mzee Wathome alitaka kujua hiyo Linux ni ya nani. Alipoambiwa si ya mtu, hutengenezwa kwa kujitolea na kugawiwa bure, akasema kitu kisicho na mwenyewe kikiharibika utamshtaki nani. Mama Kanyiva alipendelea Ubuntu kwa kuwa ina jina la Kiafrika. Mwalimu akashikilia kwamba iitwayo Mint ndiyo nyepesi. Mama Kanyiva akamwambia, "Mwalimu, kila kitu chako ni chepesi isipokuwa hotuba." Nikaambiwa hilo nisiliandike.

Kikao cha tatu kilirudia cha pili, kwa sababu Mwalimu alikuwa amegundua aina ya kumi. Nilikaa pale, kalamu mkononi, nikitamani kupiga meza. Sijawahi kupiga meza maishani mwangu. Niliandika: "Majadiliano yaliendelea."

Wakati huo wote kompyuta ilikuwa imepona. Zamani ilichukua robo saa kuwaka. Sasa inawaka kabla sijavua sweta. Mzee Wathome aliliona hilo alipokuja kuchapisha barua, akauliza ni tangu lini. Nikasema tangu wiki ile ya maombi, jambo ambalo ni kweli. Akavua kofia. Jumapili ya kwanza ya mwezi huu akasimama mbele ya kanisa zima, akatoa ushuhuda wa kompyuta iliyoombewa. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma ya kwaya.

Jumanne iliyofuata nilikuta laptop nne mezani kwangu, kila moja na jina la mwenyewe kwenye karatasi. Sasa zimefika kumi na moja. Dada mmoja wa mtaa wa Huruma alileta yake imefungwa kwa shuka la mtoto. Ndiyo anayosomea uuguzi, na mtihani ni mwezi ujao. Aliniuliza kwa upole kama afunge kula siku tatu au saba.

Jumamosi iliyopita kamati iliketi mara ya nne. Mama Kanyiva alipendekeza, na Mwalimu akaunga mkono huku akikunja kurasa zake, kwamba tubaki na mfumo wetu wa zamani ambao Mungu ameugusa, na kwamba laptop zote ziombewe Jumapili hii.

Baba, mfumo wa zamani haupo.

Siku tatu baada ya yale maombi ya kwanza, mashine ilikataa kuwaka kabisa. Jumapili ile kulikuwa na ubatizo wa watoto thelathini na mmoja, na vyeti vyao havikuwa vimechapishwa. Kamati ingeketi wiki iliyofuata. Niliogopa kumpigia Mzee Wathome. Niliitia kwenye kiondo nikaipeleka kwa Abdiqani, fundi aliye chini ya jengo letu hapa Tassia. Aliyatoa majina yote salama, kisha akaniambia ile Windows imeoza: aweke Mint, au niondoke na maiti yangu. Nikasema aweke. Nilimwomba tu aifanye ifanane na ya zamani, picha ileile ya kanisa, kila kitu mahali pake, ili nipate muda wa kumweleza mwenyekiti. Alicheka, akasema, "Dadangu, huyo mzee hatajua. Lakini wewe utajua." Nikasema nitamweleza Jumatatu. Hiyo ilikuwa Januari. Kumbukumbu zote za kuikataa Mint nimezichapa kwenye Mint.

Mara tano nimejaribu kumwambia. Kila mara huniita binti yangu kabla sijafungua mdomo, nami namuuliza kama anataka chai. Kwa hiyo nimefanya ninachokiweza. Nyuma ya kumbukumbu za kikao cha nne nimebana karatasi yenye kichwa "Taarifa ya Karani kwa Kamati", nikaandika haya yote, pamoja na tarehe na sahihi yangu. Leo asubuhi nimewapa wote watatu nakala, wakatia sahihi ya kupokea. Hawatazisoma, hawajawahi. Kumbukumbu husomwa kwa sauti kikao kinachofuata ili zithibitishwe, na msomaji ni mimi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba karatasi ikishapokelewa hairudi tena mezani kwa karani.

Kwa laptop ya dada wa Huruma sikungoja. Jana nilimweleza ukweli, yeye wa kwanza, tukaenda pamoja kwa Abdiqani. Hakukasirika. Aliuliza tu kama sasa anaweza kula.

Kikao ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Huenda Mzee Wathome akakupigia kabla ya saa sita, nami nilitaka uyasikie kwangu kwanza. Usinitetee kwake, Baba. Lakini kuanzia saa nne simu yako iwe imewashwa, na Mama asiishike.

Nisalimie Nzivo na watoto wake, na umwambie Mama nakula vizuri, ingawa wiki hii si kweli sana.

Ni mimi binti yako,
Wavinya