Kovu la Kifaru

Jumatatu, 3 Juni
Magurudumu yamekwisha. Kumi, matano kila upande. Nimetumia mifuniko ya sufuria ishirini, miwili miwili, mgongo kwa mgongo. Kifaru chenyewe cha jeshi gurudumu lake ni sentimita themanini na moja kukata katikati. Mimi najenga robo yake, kwa hiyo ishirini na kidogo. Hesabu imekaa. Kati ya la kwanza na la pili nafasi pana, kama Kaka Bakari alivyoniambia.
Bodi imetoka kwenye mapipa manne ya mafuta. Nimeyapasua, nimeyanyoosha kwa nyundo. Urefu mita moja na hamsini na sita. Bega linauma.
Kesho minyororo. Vipande tisini kila upande.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda Tongoni kwa kaka. Miaka kumi na tisa aliendesha kifaru jeshini. Sasa sukari imemmaliza, macho yote mawili yameondoka mwaka jana. Ndiyo maana najenga kikubwa. Kidogo angekijuaje?
Aliniita mwenyewe mwezi wa tatu nimjengee, baada ya miaka tisa ya kutosemeshana. Ilianzia kwenye harusi ya binti yangu: alisimama mbele ya watu, akasema mdogo wake anagonga makarai Pongwe. Watu wakacheka. Ufundi huu hakunifundisha mtu. Nilichungulia dirishani kwa fundi bati nikiwa na miaka kumi na nne, nikafukuzwa, nikarudi. Yeye anajua.
Nimempelekea gurudumu moja. Akalinusa.
"We Mwanaidi, kifaru hiki kinanukia pilau."
Nimecheka. Kisha nikachukia kwamba nimecheka.
Anachotaka hasa ni kovu. Kifaru chake kilipasuka mbele kushoto, juu ya mfuniko wa dereva. Wakakichomelea wenyewe kambini, mshono mnene kama kidole. Kila asubuhi kabla ya kuingia aliweka kiganja pale. Vifaru vingine havikuwa nalo.
"Bila kovu umenitengenezea karai," kasema.
Haya.

Alhamisi, 13 Juni
Kidole ni milimita ishirini. Robo yake tano. Nimechomelea kovu la milimita tano, refu kama kiganja changu. Sijisifu, ila mshono ule ni mzuri. Nikafungua bati la mbele peke yake, nikalifunga kwenye kanga, nikapanda nalo pikipiki hadi Tongoni.
Kaka akapitisha mkono. Mara mbili.
"Umesahau kovu."
Mkono wake ulikuwa juu ya kovu. Nimeona kwa macho yangu.
Nikasema nitalirudia.

Jumatatu, 17 Juni. Idd
Nimelifanya kumi. Mara mbili ya inavyotakiwa. Nimeamka kabla ya swala kulimalizia, siku ya Idd, mimi na mashine ya kuchomelea.
Baraza la kaka lilijaa wageni. Akapapasa, akatikisa kichwa. "Bado. Laini kama karai."
Wakacheka. Wengine ni walewale wa harusini, meno yamepungua tu.
Nimeondoka bila kunywa chai. Wifi Zaina, mke wake, alinifuata mpaka njiani, akafungua mdomo, akaufunga. Nikadhani ananionea haya.

Jumamosi, 22 Juni
Ishirini. Kidole kizima, kama kwenye kifaru chenyewe. Robo imekufa. Bati la mbele linaonekana kama limeota jipu. Nimevunja hesabu yangu kwa ajili ya mtu asiyetaka kukubali.
Akisema hapana safari hii, nakata kifaru chote nagongea majiko. Natoa majiko kumi na manne, nimeshapima.

Jumanne, 25 Juni
Amesema hapana.
Nimemfokea. Mgonjwa, mkubwa wangu kwa miaka kumi na tano, nimemfokea nyumbani kwake. Nikamwambia tatizo si kovu, tatizo hutaki kutamka kwamba mdogo wako anaweza. Aligeuza uso ukutani.
Wifi akaleta chai ili tunyamaze. Vikombe vya bati, imetoka motoni sasa hivi. Changu sikuweza kukishika, nikakiweka chini. Kaka akanyoosha mikono kupapasa mkekani. Wa kushoto ukakikuta kikombe, ukakizunguka kiganja kizima, ukatulia pale. Wa kulia ukaendelea kupapasa.
"Zaina, chai iko wapi?"
Kikombe alikuwa amekishika.
Wifi akaruka, akautoa mkono. Ngozi ilikuwa imeshababuka. Yeye bado anauliza chai.
Nje, kwenye kuni, wifi kaniambia yote. Ganzi ilianza miguuni mwaka jana. Mikononi imeingia tangu Ramadhani. Kaka alimkataza asiniambie. "Mwanaidi akijua ataona kazi bure. Hatakuja tena."

Jumatano, 26 Juni
Sikufungua karakana.
Tano, kumi, ishirini. Kwake zote sifuri. Ningeweka mia, sifuri.
Na mimi nilikwenda nyumbani kwake kumfokea.

Jumapili, 30 Juni
Nimelisaga lile jipu lote. Nimechomelea upya. Milimita tano. Robo ni robo.
Leo rangi. Kijani cha jeshi, nimepaka mara mbili. Wifi kwenye simu: "Unampakia nani rangi, wifi yangu?" Nimemwambia kazi yangu haitoki hapa bila rangi. Nikakata. Nikalia kidogo. Brashi ikakauka, nimeitupa.

Jumapili, 14 Julai
Kifaru kimefika Tongoni kwa guta la magurudumu matatu, kimelazwa juu ya magodoro mawili. Tumekishusha watu wanne, tumekiweka barazani.
"Shikamoo kaka. Kifaru chako."
"Marahaba. Nimekisikia kikishuka. Kizito."
Akasimama, wifi kamshika kiwiko. Akanusa rangi. Akagonga mzinga kwa fimbo yake, akasikiliza. Akanusa tena chini, kwenye magurudumu. "Pilau imekwisha."
Sikuweza kucheka.
Kisha akaweka kiganja mbele, juu ya bodi. Akakiacha pale muda mrefu.
"Hili hapa. Kovu hili hapa. Umeweza, fundi."
Fundi. Nina miaka hamsini na tatu.
Kiganja kilikuwa upande wa kulia. Bati tupu, laini. Kovu liko kushoto, sentimita thelathini na moja kutoka pale. Wifi aliniangalia. Ningeweza kumshika mkono nikausogeza. Ingefaa nini?
"Hapo hapo, kaka," nimesema.
Sijui kama aliamini kweli, au alinipa tu neno lile kwa sababu alikuwa ameninyima siku zote. Sitamuuliza.

Jumapili, 25 Agosti
Tongoni tena. Nilibeba kopo dogo la rangi, nirekebishe mikwaruzo ya safari ile ya guta.
Kaka alikuwa amelala. Wifi anasema kila asubuhi akishanawa anaomba apelekwe barazani. Anaweka kiganja palepale, kisha anadai uji. Hakosei hata siku moja. Anahesabu hatua kutoka mlangoni. Saba.
Nimetazama. Upande wa kulia rangi imelika, duara kama kiganja. Bati linang'aa.
Mikwaruzo mingine nimeipaka. Pale sikugusa.
Nimerudi Pongwe na kopo nusu.