Mama, Viatu Vyako Sasa Vingenitosha

Mama yangu,

Leo nimekwenda kliniki na kandambili za mume wangu. Mimi uliyezoea kunisema kwa kupenda viatu virefu, nimepanda bodaboda na kandambili za kiume juu ya soksi, maana baridi ya huku Mgololo haina huruma na hakuna kiatu changu kinachoingia tena. Nina mimba ya miezi saba. Miguu imevimba, na unyayo wenyewe umepanuka.

Nakumbuka ukirudi kuuza viazi pale Iyunga, unakaa kwenye kigoda uani, unaingiza miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye chumvi, na mimi nakusugua visigino kwa jiwe. Uliolewa unavaa namba thelathini na saba, mimi wa mwisho nikakuacha na arobaini. "Nyie watoto mmenila mpaka viatu," unasema, huku unanirushia maji usoni. Nilidhani ni utani tu.

Mwaka jana, siku ya kugawa nguo zako baada ya msiba, nilichagua viatu vyako vyeusi vya kanisani. Nikavijaribu mbele ya ukoo mzima, visigino vikawa vinacheza. Shangazi, unamjua dada yake baba, hana maneno ya kuzunguka. "Vinakupwaya," akasema. "Mpeni mdogo wake marehemu." Vikaenda Tukuyu na mama mdogo. Sikubisha. Nani angefikiri kuwa mguu wa mtu mzima kama mimi bado unakua?

Mwezi uliopita nilimpigia mama mdogo kuviulizia. "Vilishakwisha, mwanangu," akasema kwa aibu. "Matope ya huku unayajua." Nikamwambia hamna shida. Nikakata simu, nikalia mpaka mume wangu akadhani tumepata msiba mwingine.

Basi leo nesi amenibonyeza juu ya kifundo cha mguu kwa kidole gumba, kishimo kikabaki. Akapima presha na mkojo, akauliza kama kichwa kinaniuma au macho yanaona ukungu. Nikasema hapana. Akaniambia nilale kwa ubavu, nikikaa niinue miguu juu ya mto, na nikivimba uso na mikono nisingoje tarehe ya kliniki, nije siku hiyo hiyo. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye kadi, "Mama yako naye alivimba hivi akiwa na ninyi?"

Nikamwambia sijui. Mimi na wewe tuliongea habari za mbolea, za kwaya, za wachumba wangu ambao kila mmoja ulimtoa kasoro, lakini hili hatukulifikia. Hasira ikanipanda, Mama. Nilikukasirikia kwa kuondoka mapema. Najua hukupenda, ila nilikukasirikia.

Nilipotoka nikampigia baba. Kwake simu ni salamu na habari za mvua, halafu basi. Nikamuuliza swali la nesi.

"Kwako wewe ndiyo alivimba haswa," akasema. "Akawa hawezi kuinama. Viatu nilikuwa namvua mimi." Akakohoa kidogo. "Alikuwa analia kwa maumivu, akishamaliza anakuimbia tumboni."

Hukuwahi kunisimulia hayo. Miaka yote ile ulinipa upande wa kucheka tu, ule mwingine ukabaki nao wewe na baba. Sasa nimekaa kitandani, miguu iko juu, mtoto anapiga teke, na naogopa, Mama. Naogopa kuzaa bila wewe mlangoni.

Nesi akiuliza tena, jibu ninalo. Baba kanipa, Mungu ambariki. Lakini lilikuwa lako kunipa.

Pumzika. Mimi bado nakuhitaji.

Kitinda mimba wako