Bonasi ya Kikurdi

Jumanne, 6 Februari

Viyan amenijia jikoni na kuniuliza ufagio unaitwaje. Kwa Kikurdi! Mjukuu huyu, tangu aanze shule hapa Nashville, hunijibu Kiingereza hata nikimwombea dua. Nimemtajia ufagio. Nikamtajia na ndoo, bila kuulizwa.

Wakati wa chai sababu ikajulikana. Anataka kuingia jeshini. Ukisaini mkataba unapewa bonasi, na kuna nyongeza kwa mwenye lugha adimu.

"Babu, mdomo wako huo ni dhahabu!"

Pesa hizo ni za pikapu nyekundu. Nimesoma vitabu vingi vya vita. Hakuna kinachotaja pikapu. Mimi nilivuka milima kwa miguu nikiwakimbia wanajeshi. Nikamtajia kikombe. Alikuwa ameshauliza na jina la kisahani.

Alhamisi, 8 Februari

Tunakunja yaprakh, wali ndani ya majani ya mzabibu, na kila jani lina sentensi yake. Binti yangu Nazdar, mama yake Viyan, akaninong'oneza nimfundishe vibaya.

"Baba, akifeli atabaki."

Nikamwambia atabaki, ndiyo, na Kiingereza chake. Akanirushia limau!

Jumapili, 11 Februari

Viyan kampigia simu shangazi yake wa Dallas ili ajaribu. Shangazi kacheka hadi kakohoa. Eti mtoto anaongea kama mzee mwenye punda — kaanza kwa kuulizia kondoo! Ni kweli. Kikurdi changu kilisimama siku niliyoondoka kijijini, na huko salamu haikuisha kabla ya kondoo.

Viyan hataki nimrekebishe. "Waache kondoo wangu, Babu."

Jumatatu, 12 Februari

Tumekwenda kwa Sajenti Tolliver anayeandikisha vijana. Mtihani wa lugha ni Alhamisi. Akifaulu, na akikubali kuondoka Jumamosi hiyo hiyo, bonasi inapanda.

Jumamosi!

Kurudi, Viyan alinitajia barabara nzima kwa Kikurdi: taa, daraja, mbwa, mwanamke mwenye kofia mbaya. Nilimwomba apite njia ndefu.

Alhamisi, 15 Februari

Naandika hapa hapa ofisini kwa Tolliver, kwenye kiti cha plastiki. Mtihani ni wa simu, chumba cha ndani, kipaza sauti kimewashwa, mlango haukufungwa vizuri.

Viyan kamuulizia mtahini wazazi. Nyumba. Kondoo!

Kisha yule bwana — mtu wa Zakho, mji wa kule kwetu, naapa, ile sauti — kajibu kwamba kondoo hawajambo, ila beberu ni mkorofi. Wanacheka wote wawili.

Tolliver kanitolea macho kupitia upenyo wa mlango: "Mzee, huu ni mtihani au posa?"

Maswali yamekwisha, simu haijakatwa. Sasa Viyan anamkaribisha chakula kwetu, kama nilivyomfundisha: mara tatu, na mgeni hukataa mara tatu. Kakataa. Kakataa tena. Ya tatu —

Viyan katoa kichwa mlangoni, simu kaikumbatia kifuani, macho yanang'aa.

"Babu! Amekubali! Anauliza Jumapili saa ngapi."

Jumapili, na bonasi kubwa inataka aondoke Jumamosi. Nyuma yake Tolliver ameshafungua mkataba mezani, kalamu juu yake. Viyan kageuka, kautazama. Kanitazama mimi.

"Babu, nimwambie saa ngapi?"

Kauliza kwa Kikurdi, bila kosa hata moja, nami naweka kalamu chini nimjibu: saa saba mchana.