Waraka wa Nyavu Mbele ya Watu wa Daa

Karatu, Jumatano, 1979

Huku hakuna bahari, na bado nimeusoma waraka wote, kurasa tatu, kwa sauti ya mtu anayehutubia taifa. Waraka unataka kila afisa uvuvi awatangazie wananchi kwamba nyavu za matundu madogo ni marufuku baharini. Hausemi afisa aliyehamishiwa Karatu afanyeje. Basi nimewasomea wakulima wa kijiji cha Daa, watu ambao samaki hata wa kukaanga hawamgusi.

Walinisikiliza kwa adabu. Afadhali wangecheka.

Halafu akasimama Mama Paulo, mwenye nyumba niliyopanga. "Mwanangu, hao samaki wadogo si ndio ndama wa huko baharini?"

"Ndiyo, mama."

"Ukichinja ndama wote, mwakani azae nani? Tundu kubwa ni la kuwapitisha wakakue. Sasa kurasa tatu za nini?"

Watu wote wakatikisa vichwa kukubali. Tangu niajiriwe, leo ndiyo mara ya kwanza waraka wangu kueleweka, tena mahali pasipo na samaki! Nikavimba kichwa.

"Na wavuvi wa pwani," akauliza, "ulipowaeleza hivyo walisemaje?"

Nikajifanya nakunja karatasi. Miaka sita pwani sikumweleza mvuvi hata mmoja. Nilikuwa nazirundika nyavu zao ufukweni, namwagia mafuta ya taa, nawasha.

Jioni hii Mama Paulo ameniletea maziwa, akaniomba kiberiti awashie jiko. Nimempa bila kumtazama usoni.