Nyanya za Kurudisha Sokoni

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi, nimetoka sokoni sasa hivi.

Mpendwa Kaka,

Salamu tele, na pole na baridi ya huko. U hali gani? Unakula vizuri? Wifi yangu mtarajiwa hajambo? Sisi huku tu wazima. Mama yupo na vicheko vyake, na mimi mapaja yamekuwa chuma kwa kuendesha baiskeli ya Baba.

Najua unachotaka kusikia, basi nisikuzungushe: ni mguu wa Baba. Plasta ilipotolewa, daktari alisema mfupa umeungana vizuri, dawa iliyobaki ni kutembea. Baba akaitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani akakaa kitini kama mfalme. Mkongojo akauita ukuni. Ulipopiga simu ya harusi ndipo akaapa kwamba haji, eti hawezi kuingia ukumbini ameshikwa huku na huku kama kabati linalohamishwa. Mama alilia jikoni, nami nikalia naye.

Unajua kwenda sokoni ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumchagulia hata kitunguu. Sasa ikaniangukia mimi. Siku moja nilikuwa na haraka, nikatia nyanya kapuni bila kuzitazama. Kufika nyumbani, nusu zimeoza. Baba alinijia juu! "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia! Lete hapa hizo nyanya!" Akachukua mkongojo, huyo akatoka. Mama nami tukakimbilia dirishani kumtazama. Alipumzika kwa jirani yetu fundi cherehani, akaendelea, akarudi na nyanya ngumu na jasho jingi.

Kesho yake nilimwendea yule muuza nyanya tunayemwita Mama Mizani, nikamwomba anichagulie mbovu kuliko zote. Alidhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini. "Mlete tu mzee wako," akasema, "maneno yake nitayabeba." Na ameyabeba kweli, maskini. Nyanya laini, mchicha ulionyauka, viazi vilivyochipua, kila nilicholeta Baba alikirudisha, akimsomesha biashara mbele ya wateja wake.

Juzi nikamletea nyanya mbovu tena. Baba akazibonyeza moja moja, kisha akanitazama. "Mwanangu, kuchagua nyanya nimekufundisha mimi. Kesho lete hata vitunguu vibovu. Nyanya nimechoka kuzirudisha."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akacheka, akachukua kapu na mkongojo, akaenda zake sokoni kama kawaida.

Kwa mdomo hajasema kama harusini anakuja, unamjua alivyo. Lakini jana alimpelekea fundi cherehani suruali ya suti apunguze kiuno. Kaka, furaha niliyonayo hainipi usingizi.

Mama anakusalimu na kusema uvae soksi. Shangazi anauliza kama bibi harusi anajua unavyokoroma. Mungu awajalie kila la heri wewe na mwenzako, awape nyumba yenye kicheko.

Ningeandika mengi, ila Baba ananiharakisha. Nilitaka kupanda baiskeli niikimbize barua hii posta, na unajua posta ilivyo mbali. Amekataa. Yuko mlangoni keshavaa viatu, anasema barua ya mwanawe ataipeleka mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata unaponiita Kitindamimba.