Muhuri Namba Kumi na Saba

Dada yangu,

Sisi hatujambo. Mwanao kang'oka jino la mbele, anakusalimu na pengo lake.

Kiwandani, Jumatatu viongozi wa chama cha wafanyakazi wanakaa na meneja kuhusu mkataba mpya. Wakishindwana, tunagoma. Barua ya madai tulitia saini kwa kuzunguka duara, ili asijulikane aliyeanza. Nami nilitia. Na unanijua nilivyo mwoga kama kunguru.

Kisha mwenyekiti akanipa niipitie, isiwe na makosa. Dada, miaka tisa nakagua mashati. Kila nikimaliza moja, nagonga muhuri wangu, namba kumi na saba, kwenye pindo. Basi nikaisoma barua mpaka mwisho, na mkono ukajiendea wenyewe.

Sikujua kama nimeigonga muhuri, hadi mwenyekiti aliporudi kutoka kumpelekea meneja akicheka. "Kauliza, 'Huyu kumi na saba ndiye mkubwa wenu?'"

Mimi sikucheka. Leo asubuhi msimamizi kaja mezani kwangu, kauinua muhuri, kaitazama namba iliyo chini yake, kaurudisha taratibu. Heri angenitukana.

Mama usimwambie.

Nilikuwa naomba mgomo usitokee. Sasa naomba utokee. Ukisikia tumegoma, usihofu, nitakuwa mmoja kati ya mia mbili. Ila ukisikia wamepatana na wote tumerudi kazini, njoo umchukue mwanao, maana hapo ndipo watapata nafasi ya kunishughulikia mimi peke yangu.

Ni mimi mdogo wako, wino bado uko vidoleni.